Fengqin, Aliyelilia Mama za Watu

Kusini mwa Shandong, mtu akifiwa alimpigia simu mwenye mahema, kisha mwenye zumari, kisha Shan Fengqin. Fengqin alikuwa mwombolezaji wa kukodiwa. Alifika kwa pikipiki yake ya umeme ya magurudumu matatu, spika nyuma chini ya turubai, nguo nyeupe za kufiwa zimekunjwa ndani ya mfuko wa mchele. Akishuka aliuliza marehemu aliitwa nani na kama aliacha binti. Hakuuliza zaidi. Alijifunga kitambaa cheupe kichwani, akapiga magoti mlangoni mwa ua, akashika kipaza sauti, akatambaa mpaka mbele ya picha ya marehemu akiita, "Mama, mbona umeniacha." Wanaume waliokuwa wakicheza karata nyuma ya hema waliziweka karata chini.

Wengine wa kazi hiyo hujipaka dawa ya mafua chini ya macho. Fengqin hakuihitaji. Machozi yake yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa ya marehemu. Alipokuwa mtoto wa miaka saba, mdogo wake wa kiume alizaliwa, na nafaka nyumbani haikutosha vinywa vyote. Mama yake akampeleka kwa shangazi katika kijiji kingine, akamwacha kizingitini, akaondoka kwa njia inayopita katikati ya ngano. Fengqin alisimama akisubiri ageuke. Mama hakugeuka. Koti lake la buluu lilizidi kuwa dogo mpaka ngano ikalimeza.

Alirudishwa akiwa msichana wa kufaa shambani. Akaolewa kichochoro cha pili kutoka kwa mama yake, akazaa, akafiwa na mume. Mama na binti waliishi karibu kiasi cha kuazimana chumvi, wakazungumza habari za mvua, bei ya nguruwe na magoti yanayouma. Habari ya lile koti haikutajwa hata siku moja. Lakini kila alipoitwa msibani, Fengqin alifumba macho, akaliona likienda, na sauti ikaja yenyewe. Alishalilia mama za watu mpaka wilaya za jirani. Wenye misiba walimshika mikono wakamwambia, "Umelia kama mama alikuwa wako."

Kwa hiyo mama yake alipovuka miaka themanini, Fengqin alianza kuogopa.

"Siku mama yako, bibi Kuang, akiondoka," wanawake wa kijijini walimtania, "sisi tutakuja na vigoda asubuhi na mapema. Watu wamekulipa miaka yote hii kwa mazoezi tu."

Fengqin alicheka nao. Moyoni alijiona amepiga magoti siku hiyo, bila mama wa mtu mwingine wa kujificha nyuma yake. Aliijua sauti yake kama mwenye punda anavyomjua punda: ikishaanza kushuka mlima haisikii lijamu. Ingeweza kusema yote, kwenye spika, mbele ya mdogo wake na wajukuu na kijiji kizima: ulinitupa, na hukugeuka. Au ingekaa kimya, na watu wangesema mwombolezaji wa kukodiwa hakuwa na chozi kwa mama aliyemzaa. Hakujua lipi lilikuwa baya zaidi.

*

Wakati huohuo kijijini kulikuwa na dini mpya, ambayo wenyewe walisema ni ya zamani kuliko zote.

Aliyeianzisha alikuwa Di Maocai, mkereza vyuma wa kiwanda cha mashine, mstaafu. Mhenga Mozi, kama wanavyosema watu wa huko, alizaliwa katika nchi yao hiyo. Sanamu yake ipo mjini, wanafunzi hupelekwa kuitazama. Di aliitazama sana, akarudi nyumbani na wazo kwamba yule mtu hakufundisha ili achongwe. Mozi aliwahi kuwa na wafuasi, mafundi wenye mikono migumu, walioapa kumpenda kila mtu bila kupanga ngazi, baba wa jirani sawa na baba yako, na walioamini kwamba Mbingu inatazama na mizimu inasikia. Kisha wakatoweka, zaidi ya miaka elfu mbili imepita. Di akawakusanya mafundi wenzake wastaafu, wake zao, na wajane wawili watatu, katika karakana ya zamani ya matrekta. Ukutani wakatundika skwea ya seremala na bikari kubwa ya mbao, kwa sababu mhenga alisema kwamba nia ya Mbingu ni kipimo, kama alicho nacho fundi wa magurudumu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu walikutana, wakaiinamia Mbingu kwa bakuli la mtama na kikombe cha maji, kisha wakatoa vitu vibovu wavitengeneze: birika, kigoda, pampu, redio. Ibada iliyoisha bila kitu kutengenezwa haikuwa ibada.

Hawakupiga ngoma wala zumari. Mhenga aliona muziki unamla mkulima siku yake. Jambo hilo lilimuudhi sana Gao, mzee wa zumari aliyefanya kazi na Fengqin.

"Dini gani isiyotaka zumari?" aliuliza. "Hiyo Mbingu yao si itasinzia."

Bibi Kuang aliingia katika dini hiyo kwa mlango wa paa. Paa lake lilivuja. Di na wenzake wakapanda wakaliziba bila kuitwa. Alipowauliza wanataka nini, wakasema hawataki kitu.

"Basi ninyi ni wezi," bibi akasema. "Mmekuja kuangalia nilichonacho."

Waliporudi kuutengeneza mlango, aliwafuata mpaka karakana kuona wezi wasioiba. Akakaa. Akapenda kwamba hawaimbi, kwamba wanabishana kwa sauti kubwa kisha wanakunywa chai pamoja, kwamba mtu hupewa kazi hata akiwa na miaka themanini na kitu. Yeye walimpa kazi ya kunyoosha misumari iliyopinda.

Baridi ilipoanza, akawaambia anataka kuzikwa kwa desturi yao. Kwa watu wa kule, mzee kujitengenezea jeneza akiwa hai ni jambo la furaha, na huyu alikuwa mtu wao wa kwanza. Kwa hiyo walilichukua jambo hilo kwa uzito mkubwa. Sheria ya mhenga ilikuwa fupi: nguo tatu, jeneza la inchi tatu, shimo lisifike kwenye maji wala lisiwe fupi likatoa harufu. Lakini inchi ya nani? Inchi ya Wachina wa kale ilikuwa fupi kuliko ya sasa. Karakana ikagawanyika. Waliosema ya kale walileta ushahidi. Waliosema ya sasa walisema Mbingu haisomi makumbusho. Walibishana karibu baridi yote. Mwishowe Di akaamua ya sasa, wakachonga, wakalisukuma kwa mkokoteni mpaka uani kwa bibi, wanaume wazima wakitweta.

Fengqin alikuwapo, anaanika kabichi. Mama yake alilizunguka lile jeneza, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Kazi nzuri," akasema. "Maocai, nikuulize. Mtu akifa wilayani kwetu, anapelekwa wapi kwanza?"

"Kwenye tanuri, shangazi," Di akajibu, akimwita hivyo kwa heshima. "Ndiyo sheria ya serikali."

"Anarudi nini?"

"Jivu."

"Kiasi gani?"

Di aliinua viganja viwili, akavitazama. Wenzake walianza kutazamana. Baridi nzima walikuwa wamegombania ubao wa kutosha mifupa kuoza ndani yake, na hakuna aliyekumbuka kwamba kwao mtu hajazikwa na mifupa kwa miaka mingi.

"Basi hili ni la nani?" bibi akauliza. "Tembo?"

Fengqin ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kamba ya kuanikia, na mama yake akacheka kwa kumwona, meno yake mawili yakionekana. Fengqin hakukumbuka kama waliwahi kucheka kitu kimoja.

Mafundi hawakuona haya muda mrefu. Sheria ni ya kufaa, wakasema, na kisichofaa si sheria. Mbao zile zikawa milango ya ghala ya mjane mmoja. Bibi Kuang akaonyesha mtungi wake wa achari uliokaa chini ya dirisha.

"Niwekeni ule."

"Shangazi, una achari ya figili ndani."

"Nitaimaliza. Msinikimbize." Akakaa kwenye kigoda. "Na mengine msikie wote, na Fengqin asikie. Sitaki hema. Sitaki zumari. Sitaki mtu wa kulia, wa kukodi wala wa bure. Mnizike asubuhi, mchana mtu arudi shambani."

Kabichi ilimponyoka Fengqin mkononi. Aliinama kuiokota, akakaa ameinama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Hofu aliyoibeba kwa miaka ilimwachia, na nyuma yake ikaja aibu, maana ni binti gani anayefurahi kusikia hatamlilia mama yake?

Mdogo wake, Shan Dehou, alipoambiwa alipiga meza. Alikuwa na duka la mbolea na shamba kubwa la viazi mviringo, na jina la kulinda.

"Mama anapotoshwa na wazee wa birika," alimwambia Fengqin. "Nimzike kimya kama paka? Watu watasema nini?"

"Ni maneno yake mwenyewe."

"Mzee husema. Mtoto ndiye anayejua la kufanya."

*

Majira ya kuchipua, miguu ya bibi ilivimba, na Fengqin akawa anakwenda jioni kumwosha. Siku moja, maji yakiwa bado ya moto, mama yake alisema, kana kwamba anaendeleza mazungumzo ya zamani:

"Nilikuwa nakuja, unajua."

"Wapi?"

"Misibani kwako. Si yote. Ile ya karibu. Nilikaa nyuma kwa wapishi, nawasaidia kumenya vitunguu saumu."

Fengqin aliendelea kusugua kisigino.

"Nilijua unamlilia nani," mama akasema.

Nje jirani aliita kuku wake. Fengqin alisubiri aendelee kuita, ili pawe na sauti nyingine chumbani, lakini kuku walikuwa wameshaingia.

"Mbona hukugeuka?" akauliza. Alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo sana, haikufika hata ukutani.

Mama yake alifikiri. Alifikiri kweli, macho yameelekea dari.

"Sikumbuki," akasema. "Nakumbuka kiatu changu kiliingia maji. Nilikuwa nakifikiria hicho kiatu njia nzima. Labda nilitaka kitu cha kufikiria."

Fengqin angetaka jibu lingine. Kwa miaka alikuwa amemtungia mama yake majibu mengi, mengine mazuri sana, yenye machozi. Lakini hili lilikuwa na uzito wa kitu kilichotokea kweli, na alijikuta analipokea kama mtu anavyopokea sahani: kwa mikono miwili.

"Sikiliza," mama akasema. "Nani mwingine kijiji hiki ameliliwa na bintiye miaka yote hiyo, mwenyewe yuko hai anasikia, anamenya vitunguu? Hakuna. Mimi nimeshaliliwa. Siku yenyewe usirudie. Maji yamepoa."

*

Mama alikufa katika mavuno ya viazi, asubuhi, amekaa mlangoni na ungo wa maharage mapajani. Maharage hayakumwagika.

Gari la tanuri lilikuja siku hiyohiyo, jioni likarudisha jivu. Asubuhi iliyofuata Fengqin alipoingia uani kwa Dehou, alikuta hema limesimama, meza za wageni zimepangwa, na Gao na vijana wake wanalowesha matete ya zumari midomoni. Kipaza sauti kilikuwa kwenye mguu wake mbele ya picha. Chini yake mto wa kupigia magoti, mpya. Wanawake walikuwa wameshakuja na vigoda.

Gao alimwona, akaangalia pembeni. "Mdogo wako aliniita," akasema. "Mimi nimeshakula na staftahi. Siwezi kuirudisha."

Di na wenzake waliingia wakiwa na maovaroli yao ya kazi, wamebeba mtungi, umesuguliwa mpaka unang'aa, bado ukinuka siki kwa mbali. Dehou alisimama mbele yao.

"Tokeni kwangu. Ninyi ni watu msio na mama."

"Tuna mama wengi mno," Di akasema. "Ndiyo shida yetu. Huyu alituagiza."

"Mimi ndiye mwanawe. Siku tatu, zumari na wageni, kama watu wengine." Akamgeukia Fengqin, akamnyooshea nguo nyeupe zilizokunjwa. "Dada. Vaa."

Fengqin alizipokea zile nguo. Alitazama mto. Kwa miaka alikuwa amekiota kitu hiki: watu hawa, kipaza sauti hiki. Alisubiri hofu yake, na ikaja, lakini ilikuja kama mgeni aliyekosea nyumba, ikasimama mlangoni haijui pa kukaa.

"Dehou," akasema. "Mimi nimeshamlilia."

"Lini? Tangu jana hujatoa hata sauti. Watu wamekuona."

"Nimemlilia miaka yote. Alikuwa anakuja kunisikiliza. Akaniambia inatosha."

Wanawake walianza kunong'onezana. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Msiba wa kwetu alitulipisha, wa kwake umemshinda." Mwingine akacheka. Fengqin aliyasikia maneno aliyoyaogopa kuliko yote. Yakapita. Alijishangaa kwamba bado amesimama. Akaziweka zile nguo mezani, akasukuma swichi ya kipaza sauti mpaka taa yake nyekundu ikazimika.

Dehou alimsogelea, na sasa alisema chini chini, maneno ya ndugu wawili.

"Dada, usinifanyie hivi. Mimi ndiye niliyekula nafaka yako. Kijiji kizima kinajua. Ulitolewa wewe nikabaki mimi. Nikimzika kimya, watasema nilikula ya dada, sasa nimekula na ya mama."

Fengqin alimtazama mtu huyu mwenye mvi na tumbo la mwenye duka. Hakuwahi kufikiri kwamba naye amebeba jambo lile. Alimwona kila mara kama yule aliyebaki ndani, kwenye joto, mlango ukafungwa.

"Ulikuwa mchanga," akasema. "Hukula. Ulilishwa."

Dehou alifumba macho.

Di Maocai, ambaye alijua kubishana baridi nzima juu ya inchi, safari hii hakubishana. Alikuwa anatazama juu ya paa, upande wa magharibi, ambako mawingu yalikuwa yamejipanga kama ukuta unaojengwa.

"Viazi vyako vimetoka?" akauliza.

"Nusu," Dehou akasema bila kufumbua macho. "Vibarua niliwaambia warudi baada ya siku tatu."

"Redio inasema mvua leo mchana. Ya siku nyingi. Vitaoza ardhini."

Kisha Di akasema, kwa upole, swali ambalo kwao ni nusu ya dini: "Sasa, hizi siku tatu zitamfaa nani? Shangazi? Wewe? Taja mmoja tu, nami nitanyamaza."

Dehou alilitazama hema, meza, zumari, wale wanawake na vigoda vyao. Alitazama kama mtu anayemtafuta huyo mmoja. Halafu akavua kofia, akajifuta uso nayo.

"Lete huo mtungi," akasema.

Walimzika kabla jua halijapanda. Shimo lilichimbwa lisifike kwenye maji. Fundi mmoja alianza kuuliza kama jivu lina harufu, Di akamtazama, akaacha. Desturi yao inaruhusu mtu alie akienda na alie akirudi. Dehou alilia akienda, kwa kelele, kama mtoto, na dada yake alimshika kiwiko ili asiteleze kwenye tuta. Fengqin mwenyewe machozi yalimtoka kidogo akirudi, bila sauti, hakuyafuta. Hakufumba macho. Aliona njia, matope, visigino vya walio mbele yake. Alihisi mwili mwepesi na mchovu, kama mtu aliyetua ndoo za maji baada ya kuzoea kuzibeba, mabega bado yakiinuka yenyewe.

Kutoka makaburini walipitiliza moja kwa moja shambani. Maovaroli yaliingia kwenye mistari, mafundi wawili wawili, mmoja na jembe mmoja na mfuko. Wanawake wa vigoda, waliokosa cha kusikiliza, walikuja kuangalia, na waliochoka kuangalia wakainama kuokota. Gao aliiweka zumari yake juu ya mfuko mkavu, akakunja suruali.

"Sikubaliani na dini hii," alimwambia Di. "Nataka ijulikane."

"Imejulikana. Hivyo vidogo weka upande ule."

Dehou na dada yake walichukua mstari mmoja. Yeye alifukua, Fengqin aliokota. Hawakuzungumza ila mambo ya viazi: hiki kimekatwa, hiki cha mbegu. Kila shina liliposhikwa na kuvutwa, ardhi ilifunguka ikatoa viazi vya rangi ya siagi, vimejaa, salama. Upande wa magharibi radi ilinguruma bila haraka. Walizidisha mwendo. Mgongo ulimuuma Fengqin, na maumivu hayo yalimpendeza; yalikuwa ya mahali pamoja na sababu yake ilijulikana.

Matone ya kwanza yalianguka mifuko ya mwisho ikipakiwa. Upepo ulilishika turubai la trekta, ukalifunua upande mmoja, na Dehou alikuwa ng'ambo ya shamba ameinamia gurudumu. Fengqin alisimama, akaweka mikono mdomoni, akaita.

"Dehou! Kamba ya kushoto!"

Dehou aligeuka, akakimbia akaikamata kamba, akaifunga. Wote wakaingia chini ya turubai, wamelowa, wamebanana juu ya viazi, mtu akatoa chupa ya chai ya moto, na kikombe kimoja kikazunguka.

"Nani ana sukari?" Gao akauliza.

Hakuna aliyekuwa nayo. Wakanywa hivyohivyo.